Ndege Imechelewa au Imecheleweshwa? Dhoruba, Mashirika ya Ndege na Haki ya Msafiri

Asubuhi moja ya mwezi wa Novemba nilikuwa katika uwanja wa ndege wa Mombasa nikingoja ndege ya saa moja na nusu ya kwenda Nairobi. Kando yangu aliketi mama wa makamo aliyejitanda buibui, mkononi kashika bahasha ya hospitali. Alikuwa na miadi na daktari bingwa wa moyo saa sita mchana. Miadi ambayo, kwa maelezo yake, aliingoja kwa miezi minne. Saa moja na nusu ikapita, na saa mbili nayo ikapita. Hatimaye kipaza sauti kikalia. Tulisomewa taarifa ndefu kwa Kiingereza, kisha ikafuata sentensi moja ya Kiswahili: ndege imechelewa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa, tunaomba radhi. Mama yule akatazama nje, akanigeukia.

"Mwanangu, hiyo hali mbaya ya hewa iko wapi? Mbona jua lawaka hivi?"

Sikuwa na jibu. Ni baadaye tu, kwa kumdodosa mhudumu mmoja, ndipo nilipofahamu kwamba ndege ambayo ingetuchukua ilikuwa imelala Nairobi, na kwamba Nairobi ilikuwa imegubikwa na ukungu mzito tangu alfajiri. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kueleza na rahisi kueleweka, lakini hakuna aliyelieleza. Ilipofika saa tatu na nusu, mhudumu mwingine alipita akisema kwamba safari "imeahirishwa" na kwamba tuendelee kusubiri. Wakati huohuo simu za abiria zilikuwa zikipokea ujumbe mfupi wa Kiingereza uliosema kwamba safari imefutwa, na kwamba anayetaka nafasi katika ndege ya adhuhuri afike kwenye dirisha la tiketi. Waliousoma wakakimbilia dirishani. Simu yangu ilikuwa imezimika kwa kuishiwa na chaji. Ya mama yule ilikuwa mkobani, na hata angeitoa, Kiingereza hakukijua. Tulifanya tulivyoambiwa: tukasubiri. Tulipogundua kilichotokea, nafasi za adhuhuri zilikuwa zimekwisha.

Ndugu msomaji, makala haya hayakuandikwa ili kulaumu ukungu. Ukungu hauna mwenyewe. Aidha, sikusudii kumlaumu rubani aliyekataa kuruka. Dai langu ni moja: dhoruba haina mkosaji, lakini namna msafiri anavyotendewa wakati wa dhoruba ina mwenyewe, na jambo la kwanza analodaiwa msafiri huyo, kabla ya chakula na kabla ya kitanda, ni neno la kweli katika lugha anayoielewa.

Hebu kwanza tuwatendee haki wenye ndege. Ziko sababu za hakika zinazofanya ndege isiruke au isitue. Mfumo wa kawaida wa redio unaomwongoza rubani kutua humruhusu kushuka hadi takribani mita 60 juu ya ardhi. Akifika kimo hicho asipoiona njia ya ndege wala taa zake, hana budi kupaa tena. Hapo atazunguka angani akisubiri ukungu uinuke, au ataelekea kiwanja kingine. Ndiyo maana ndege zinazokuja Nairobi alfajiri yenye ukungu huishia kutua Mombasa, Kisumu au Eldoret. Mawingu ya radi nayo hubeba pepo zinazopanda na kushuka kwa nguvu za kuitikisa ndege kubwa kama unyoya. Kwa upande wa ndege ndogo zinazotoka Wilson kwenda mbugani, mvua ya usiku mmoja yatosha kugeuza kiwanja cha murramu kuwa tope lisilotulika. Isitoshe, sheria huweka kikomo cha saa ambazo rubani na wahudumu wanaruhusiwa kuwa kazini. Ndege ikikaa mno kwa kungoja anga itulie, kikosi kizima huenda kikalazimika kupumzika, na kikosi kingine hakipatikani kwa kupigiwa mluzi.

Sisi Wakenya tuna sababu ya pekee ya kuheshimu subira hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliondoka Douala, Kameruni, wakati wa mvua ya radi. Mashirika mengine yaliyokuwa na safari usiku huo yaliamua kungoja. Punde tu baada ya kupaa, ndege yetu ilianguka katika kinamasi cha mikoko karibu na mji huo, na watu wote 114 waliokuwamo wakafa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 haukuibebesha dhoruba lawama yote: ulionyesha kwamba ndege ilianza kulala upande mmoja gizani, na marubani hawakulitambua hilo mapema. Hata hivyo, yeyote anayeikumbuka asubuhi ile hawezi kumshurutisha rubani aruke. Anayesubiri akiwa hai ana la kulalamikia. Huo pekee ni utajiri.

Wala kusubiri anga si jambo geni katika utamaduni wa lugha yetu. Majahazi yaliletwa Mombasa, Lamu na Zanzibar na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, yakarudishwa na kusi. Kusi ilipochacha, vyombo vilipandishwa pwani na watu wakangoja. Nahodha hakuwaambia abiria wake kwamba kuna "hali mbaya ya hewa". Aliutaja upepo kwa jina lake, na abiria akajua ni upepo gani, unatoka wapi, na huenda ukakoma lini. Lugha ya Kiswahili ina ukungu, umande, tufani, dhoruba, radi, mvua ya mawe, kusi na kaskazi. Kwa nini basi hazina yote hii itiwe katika gunia moja linaloitwa hali mbaya ya hewa, gunia ambalo halifunguliwi mbele ya mwenye tiketi?

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia, kwa kuwa suala hili lina sarufi yake. Tazama kitenzi chelewa. Tukisema "ndege imechelewa", ndege ndiyo mtendi, kana kwamba ilighafilika kuamka. Sentensi haina nafasi ya kumuuliza mtu. Tukisema "ndege imecheleweshwa", tumeingia katika usababishi na kauli ya kutendwa. Papo hapo msikilizaji ana haki ya kudai kile kiunganishi kidogo na: imecheleweshwa na nani, au na nini? Imecheleweshwa na ukungu? Vyema, tutasubiri. Imecheleweshwa na upungufu wa marubani? Hilo ni jambo jingine. Imecheleweshwa na ukungu wa saa moja na baadaye na uzembe wa saa sita? Hilo nalo lina hesabu yake. Nimewahi kusikia hata "safari imefutika", kauli ya kutendeka, mithili ya chaki iliyofutwa na mvua ubaoni. Safari haifutiki. Hufutwa, na aliyeifuta ana ofisi, ana simu na ana bosi.

Hali kadhalika, tofauti kati ya kuahirishwa na kufutwa si ya mtihani tu. Safari iliyoahirishwa inabeba ahadi kwamba tiketi ingali na safari yake, na msafiri hutulia. Safari iliyofutwa imevunja ahadi hiyo, na msafiri hana budi kuchagua upesi: arudishiwe nauli au atafutiwe njia nyingine. Mhudumu aliyechanganya maneno haya mawili mbele ya mama yule hakukosea istilahi tu. Alimnyima saa moja ya kuchagua, na saa hiyo ilikuwa na thamani ya miadi ya miezi minne.

Huenda msomaji akasema kwamba ninakuza mambo, kwamba dhoruba ni dhoruba na hakuna shirika linaloweza kushindana nayo. Kwa hoja hiyo, natuangalie Marekani mnamo Desemba 2022. Siku chache kabla ya Krismasi, dhoruba kali ya baridi na theluji iliikumba sehemu kubwa ya nchi hiyo. Mashirika yote yalifuta safari. Lakini baada ya siku chache mengi yao yalisimama tena, ilhali Southwest Airlines iliendelea kuporomoka: safari 16,900 zilifutwa na wasafiri zaidi ya milioni mbili wakakwama. Baridi ilikuwa ileile na theluji ileile. Kilichotofautiana ni maandalizi. Mfumo wa kompyuta wa kuwapangia marubani na wahudumu kazi ulielemewa, hata shirika likawa halijui watumishi wake wako wapi, nao watumishi wakakaa saa nyingi kwenye simu wakijaribu kuripoti walipo. Desemba 2023 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ililitoza shirika hilo faini ya dola milioni 140. Funzo lililopo ni bayana: dhoruba huanzisha usumbufu, lakini urefu wa usumbufu huo mara nyingi huamuliwa na binadamu.

Kisa cha pili kinatugusa kwa karibu zaidi. Tarehe 16 Aprili 2024 mvua ya ajabu ilinyesha katika Falme za Kiarabu. Sehemu moja ya Al Ain ilipata takribani milimita 254 katika muda usiotimia siku moja, kiasi ambacho hakijawahi kuandikwa nchini humo tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Uwanja wa ndege wa Dubai ukageuka ziwa. Dubai ni njia panda ya Wakenya wengi: wanaokwenda kufanya kazi Ghuba, wanaofuata bidhaa na wanaounganisha safari za Ulaya na Asia. Siku nne baadaye, Tim Clark, rais wa shirika la Emirates, aliwaandikia wateja barua ya wazi. Alieleza kwamba safari karibu 400 zilifutwa, kwamba mizigo ipatayo 30,000 ilikuwa imeachwa nyuma, na kwamba shirika lilitoa vyumba 12,000 vya hoteli na kuponi 250,000 za chakula. Pamoja na juhudi hizo zote, aliomba msamaha na kukiri kwamba huduma yao ilikuwa na kasoro nyingi. Miongoni mwa kasoro alizozitaja ni msongamano, mkanganyiko na ukosefu wa habari. Vitanda vilipatikana, vyakula vilipatikana, lakini neno likakosekana. Na kukosekana kwake kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohitaji kuombewa radhi.

Je, sheria zasemaje? Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni namba 261 ya mwaka 2004, uliweka mgawanyo unaofaa kuigwa. Fidia ya fedha, kati ya yuro 250 na 600, hailipwi iwapo safari imefutwa kutokana na hali zisizo za kawaida, mathalan dhoruba. Lakini wajibu wa kumtunza msafiri, yaani chakula, malazi, usafiri wa kwenda hotelini na njia ya kupiga simu, hauondolewi na hali hizo. Mgawanyo huu ulijaribiwa vikali Aprili 2010, wakati majivu ya volkano ya Eyjafjallajökull ya Iceland yalipofunga anga ya Ulaya, majivu ambayo wakulima wetu wa Naivasha wangali wanayakumbuka kwa maua waliyoyatupa. Abiria mmoja aliyekwama Faro, Ureno, kwa takribani wiki moja aliishtaki Ryanair akidai yuro zipatazo 1,130 alizotumia kwa chakula na malazi. Shirika lilijitetea kwamba majivu yale yalipita hata mipaka ya hali zisizo za kawaida. Tarehe 31 Januari 2013 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa. Ilisema kwamba sheria haitambui daraja lolote juu ya hali zisizo za kawaida, na kwamba ni katika nyakati kama hizo hasa ndipo msafiri anapohitaji kutunzwa zaidi.

Zingatia pia jambo hili: kanuni hiyo humlinda kila anayeondoka katika uwanja wa ndege wa Ulaya, awe amepanda ndege ya shirika lolote, lakini anayeondoka Nairobi kwenda Ulaya humlinda tu ikiwa shirika ni la Ulaya. Kwa hivyo majirani wawili wa Embakasi, wakikwama kwa ukungu mmoja na kuelekea mji mmoja, huenda mmoja akawa na haki ya kitanda na mwenzake asiwe nayo, kutegemea rangi iliyopakwa mkiani mwa ndege.

Nasi hatukuachwa mikono mitupu. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaohusu safari za kimataifa. Kifungu cha 19 chasema kwamba shirika litawajibika kwa hasara inayotokana na kuchelewa, isipokuwa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote zilizopasa kuchukuliwa au kwamba hatua hizo hazikuwezekana. Angalia ni nani anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Haitoshi kutamka maneno "hali mbaya ya hewa" na kufunga dirisha. Fauka ya hayo, Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na huduma hiyo. Na kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ukiviweka vifungu hivi viwili bega kwa bega, ni vigumu kuona jinsi taarifa ndefu ya Kiingereza inayofuatwa na sentensi moja ya Kiswahili inavyoweza kuitwa habari kamili.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Mashirika yetu ni madogo, faida yao ni finyu, na kumlipia kila msafiri chumba cha hoteli kila ukungu unaposhuka kutapandisha nauli hata hao tunaodai kuwatetea washindwe kusafiri. Pingamizi hili lina uzito, nami silipuuzi. Shirika lenye ndege tatu zinazotua kwenye viwanja vya murramu haliwezi kupimwa kwa kipimo cha Emirates. Yawezekana kabisa kwamba utunzaji wa namna ya Ulaya hatuumudu wote kwa sasa, na kwamba watunga sheria wetu watapaswa kutafuta kiwango cha kati. Lakini pingamizi la gharama haligusi dai langu la msingi. Kusema ukweli kunagharimu nini? Kumwambia abiria, "Ndege yenu iko Nairobi, Nairobi kuna ukungu, tutawapa habari nyingine saa tatu kamili, na ukipenda kurudishiwa nauli nenda dirisha la pili", kunahitaji kinywa, kipaza sauti na mtu aliyefunzwa.

Pana sababu nyingine, nayo ni ya uhai. Msafiri asiyeambiwa kitu hukasirika. Akikasirika hupiga kelele. Na kelele zake huwaelemea watumishi wa shirika, kuanzia dirishani hadi kwenye ofisi za wakuu. Sisemi kwamba kelele za abiria ndizo huirusha ndege katika radi. Nasema kwamba uamuzi wa kungoja ni mgumu tayari, na yapasa umma uwe upande wa yule anayeufanya. Msafiri aliyeelezwa kwamba rubani hataiona njia ya ndege hatamshinikiza aende. Atamshukuru. Kwa mantiki hii, taarifa ya kweli ni sehemu ya usalama wa safari kama ilivyo mikanda ya viti.

Nifanyeje basi, atauliza mwanafunzi mwenzangu, ilhali mimi si mwanasheria wala si rubani? Tunayo kazi ambayo hakuna mwingine atakayetufanyia. Mosi, istilahi za usafiri wa anga ziandikwe na kusanifishwa kwa ajili ya abiria, wala si kwa ajili ya kamusi pekee: kuchelewa, kuahirishwa, kufutwa, kuelekezwa kiwanja kingine, kuunganisha safari. Kila neno lifafanuliwe kwa kile linachompa msafiri. Pili, idara zetu za Kiswahili ziyaendee mashirika na mamlaka za viwanja vya ndege, ziwaandalie violezo vya matangazo na kuwafunza wasomaji wake, badala ya kungoja kualikwa. Tatu, sisi wenyewe tunaposafiri tuache ile haya ya kujifanya tumetosheka na Kiingereza. Tukiulizia kwa Kiswahili sanifu, kwa adabu na bila kuchoka, "imecheleweshwa na nini?", tutakuwa tumeuliza kwa niaba ya wengi walionyamaza.

Mama yule aliondoka Mombasa jioni ya siku hiyo. Daktari alikwisha kwenda zake, na alipewa miadi mingine ya mwaka uliofuata. Tulipoagana Nairobi nilijaribu kumfariji kwamba ukungu ni kazi ya Mola. Alitikisa kichwa. "Ukungu wa Mungu siulaumu, mwanangu," alisema. "Lakini kutuambia ilikuwa kazi ya nani?"

Sijui kama aliuona mwaka huo akiwa na afya. Ninachojua ni kwamba swali lake halijajibiwa, na kwamba halikuulizwa kwa Kiingereza. Wajibu wa kulijibu ni wa mashirika ya ndege. Wajibu wa kuhakikisha kwamba jibu linapatikana kwa lugha aliyouliza ni wetu.